Walioandika Kutoka Dukani Kwangu

Mliniacha na Calixte mlangoni, simu mkononi, midomo inamcheza.

Kwa ambaye ndiyo kwanza ananunua gazeti hili, karibu, sogea, nafasi ipo. Mimi ni Leonia, Mama Martini, mwenye steshenari ya Rusimbi yenye benchi refu lisilokosa watu. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, nachaji simu. Waifai yangu haina nywila, kwa sababu sipendi mtu apite kwangu bila kuketi.

Kijana wetu Bariki, msomi wa kompyuta, alianzisha tovuti akaiita Daftari la Mwalo, yaani la ufuko wetu wa mitumbwi na dagaa. Humo yeyote anaandika na yeyote anasahihisha: aina za dagaa, namna ya kuanika, wauzaji wa soko la Kibirizi, maneno ya Kiha ya wavuvi wa zamani. Huulizwi jina. Walinzi wa kuondoa matusi tuko watatu: Bariki, Mwalimu Erasto mstaafu, na mimi ambaye shule yangu ni hilo benchi.

Rafiki yangu Astérie, Mama Kaneza, muuza dagaa, alinipa siri nzito. Tajiri mmoja mwenye mitumbwi huwanyima wanawake dagaa mpaka wakubali kuingia naye ghalani. Astérie naye alifungiwa mlango humo. Mumewe hajui.

Nikamshauri aandike kwenye Daftari, wenzake wajihadhari. Nikamwambia usijiandikishe, usiweke jina, hata la uongo. Akaandika kwa simu yake, hapo hapo benchini kwangu.

Wiki mbili baadaye, kwenye ukurasa mwingine kabisa, ule wa wauzaji wa Kibirizi, mtu aliyejiita Mkweli wa Mwalo akamwaga uchafu: mke wa Calixte fundi baiskeli analala na wavuvi kwa zamu, na mtoto Kaneza hana baba anayejulikana.

Ndipo Calixte akaja.

"Mama Martini, nani kaandika hii?"

"Baba Kaneza, karibu kwanza. Agnesi, mpe shemeji yako chai."

Agnesi ni mkamwana wangu, mke wa Martini. Mwanangu yuko Mpanda kwenye ujenzi, mkewe naishi naye mimi. Akamimina chai. Calixte hakuigusa.

"Sitaki chai. Nataka jina."

"Nimeshaifuta, haipo tena."

"Imepigwa picha! Iko kwenye simu za watu! Leo mteja kaniletea baiskeli, ananiuliza mtoto wangu anafanana na nani. Huku anacheka. Mimi nashika spana, yeye anacheka."

Benchi zima likanyamaza. Na mnajua benchi langu, halinyamazi hata kwenye msiba.

"Nyie ndio walinzi," akasema. "Mlinzi gani hajui nani kaingia?"

Hapo alinipata. Nikampigia Bariki, nikampigia na Mwalimu Erasto. Waje mara moja.

Bariki alifika na kompyuta yake begani. Akanivuta kando, karibu na mashine ya fotokopi.

"Mama, huyo Mkweli alijiandikisha kwa jina la kubuni. Aliyejiandikisha amejifunika. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuona anaandikia wapi. Kuna ufunguo mmoja tu wa kumfunua, na tulikubaliana hauguswi mpaka walinzi wote watatu waridhie."

"Mimi nimesharidhia. Bado ninyi."

"Mama, sikiliza kwanza..."

"Bariki, mwanamke wa watu anavuliwa nguo sokoni, wewe unaniambia sikiliza kwanza?"

Mwalimu Erasto alikuwa ameingia, kofia mkononi. Watu wakampa shikamoo zao, akaitikia moja moja, hakuruka mtu. Kisha akanigeukia.

"Leonia, ile sheria tuliiandika kwa mkono wetu. Kwa nini tuliiandika?"

"Kuwalinda watu wema."

"Na anayewajua wema ni nani? Leo tunafungua kwa ajili ya mume aliyeumizwa. Kesho atakuja mwenye mitumbwi, naye atasema ameumizwa, atataka kujua ni mwanamke gani aliyemsema. Tutamjibu nini? Kwamba ufunguo wetu ni wa wanaolia tu?"

"Basi tuwaambie watu wote waweke namba zao za simu ndipo waandike."

"Na mwanamke wa ghalani angeandika?"

Mimi nikikosa jibu naongeza sauti. Ndivyo nilivyo.

"Mwalimu, wewe una mke anayesemwa? Una mtoto anayeulizwa baba yake? Hawa wanaojificha ndio wanaotuua! Nyuma ya pazia kila mtu ni shujaa wa kutukana!"

Benchi likaitikia. "Kweli kabisa, Mama Martini!" "Afunuliwe huyo!" Nikavimba kichwa. Ningekuwa na kipaza sauti ningekitumia.

Mwalimu Erasto akaizungusha kofia yake mkononi. "Sitaki," akasema. "Ila sitamwangalia Baba Kaneza usoni nikamwambia hapana. Haya, fungueni."

Bariki akaomba jambo moja tu. "Watu watoke. Tubaki walinzi peke yetu, tuangalie, halafu tuamue la kusema."

Nikakataa. Wasomaji wangu, mnisikilize vizuri hapa: alikuwa ameomba, na mimi ndiye niliyekataa.

"Astérie kachafuliwa mbele za watu, na atasafishwa mbele za watu. Agnesi, nenda kamwite Mama Kaneza."

Kwetu Rusimbi ndivyo tunavyomaliza mambo. Ukisingiziwa wizi, mfuko wako unakaguliwa hadharani, majirani wakishuhudia, ili kesho asiwepo wa kunong'ona. Nilidhani mtandao nao ni mfuko. Unaugeuza, kilichomo kinaanguka, watu wanaona, mnakunywa chai.

Astérie alikuja na mikono bado ina magamba ya dagaa. Alipoona umati akasimama kizingitini.

"Kuna nini?"

"Leo unasafishwa," nikamwambia, nikamvuta mkono.

Akanisogelea sikioni. "Mama Martini, waache waende. Nakuomba."

"Tulia wewe. Niachie mimi."

Niachie mimi. Maneno hayo nimeyasema maisha yangu yote, kwenye misiba, kwenye harusi, kwenye ugomvi wa watu. Sitayasema tena.

Bariki akaweka kompyuta juu ya kaunta. Akabonyeza hapa, akaandika pale. Calixte alikuwa begani kwake, mimi upande wa pili, benchi lote nyuma yetu limesimama kwa ncha za vidole vya miguu.

Ikatokea namba. Ndefu, ina nukta katikati, kama namba ya mzigo wa meli.

"Hii ni nini?" Calixte akauliza.

"Ni namba ya laini ya intaneti aliyotumia Mkweli."

"Ya nani?"

Bariki akasogeza uso kwenye skrini. Akaikodolea macho kama mtu aliyekuta nyoka kitandani. Kisha akanitazama mimi.

"Mama... hii ni laini ya hapa dukani."

Duka lote likaguna.

"Ya kwangu?"

"Waifai yako. Mkweli aliandika akiwa amekaa hapa. Kwenye benchi hili, au hapo nje kwenye ngazi."

"Nani sasa?"

"Siwezi kujua. Kwa siku wanaunganisha watu sitini hapa. Wote mtandao unawaona ni mtu mmoja. Hata nikiifunga laini hii asirudi, nitakuwa nimewafunga wote sitini."

Ina maana tumevunja sheria yetu, tumefungua tulichoapa kutokifungua, na mtukanaji bado kajikalia raha mustarehe. Huenda alikuwa amesimama nyuma yetu wakati ule ule, anachungulia kama wengine.

Ningekuwa na akili ningeifunga kompyuta hapo hapo. Lakini Calixte alikuwa bado anaitazama skrini. Fundi baiskeli yule, macho yake yamezoea kutafuta tundu dogo kwenye tairi.

"Hiyo orodha iliyo chini ya namba ni ya nini?"

Bariki akanyoosha mkono aifunge. Calixte akamshika kiganja, taratibu tu.

"Nimeuliza ni ya nini."

"Ni... ni kila kilichoandikwa kutoka laini hii na watu ambao hawakujiandikisha. Asiyejiandikisha hana cha kumfunika, kaka. Namba yake inakaa wazi kwenye historia ya ukurasa."

Nikamgeukia.

"Bariki! Si ulisema asiyeweka jina hajulikani?"

"Mama, nilisema hatuulizi jina. Hilo la namba nimeliandika pale juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi nyekundu."

"Nani anasoma ya juu?"

Hakucheka mtu. Nilimwambia Astérie asijiandikishe hata kwa jina la uongo. Na lile jina la uongo ndilo lingemfunika. Mkweli alilijua hilo. Mimi, mlinzi, sikulijua.

Calixte alikuwa ameshaanza kusoma. Anasoma polepole, kwa sauti, kidole kwenye skrini, kama anavyosoma kanisani zamu yake ikifika.

"Kwa kina mama wa Kibirizi. Kuna tajiri wa mitumbwi mjihadhari naye. Alininyima dagaa siku tatu. Siku ya nne akaniita ghalani nikachague mwenyewe, kisha akafunga mlango. Nililia, nje wakawasha redio. Nilirudi nyumbani nimejifunga kitenge cha njano cha mwanamke nisiyemjua, kwa sababu changu kilichanika."

Kidole kikasimama kwenye neno njano.

Hakugeuka. Akaendelea kuitazama skrini. "Kitenge cha njano," akasema. "Ulisema chako kimemwagikiwa mafuta ya taa, jirani kakuazima."

Astérie akaikunjakunja ncha ya khanga yake.

"Nilikufulia mimi. Ulikuwa na homa. Nikakifua, nikakianika, nikakwambia umrudishie mwenyewe."

"Calixte."

"Nilikifua mimi, Astérie!"

Sauti yake ikapasuka. Mwanaume mzima, mabega yale ya kubeba baiskeli mbili mbili, akajishika kwenye kaunta yangu, kilio kikamtoka hadharani. Wanawake wa benchini wakajifunika midomo kwa khanga. Mwalimu Erasto akaanza kuwatoa watu nje mmoja mmoja. Sasa. Baada ya kila kitu.

Astérie akanitazama. Nilitamani anitukane. Alinitazama tu, kama unavyomtazama mtu wa mbali ukijaribu kukumbuka mlionana wapi. Kisha akatoka. Mumewe akamfuata hatua kumi nyuma.

Kuna jambo nimewaficha wiki zote hizi, na leo nalitoa.

Mliniandikia mkiuliza, huyo Mkweli alijuaje kwamba ni Astérie? Mkamshuku tajiri, mkamshuku Bariki, wengine mkamshuku hata Mwalimu Erasto maskini. Niwaambie. Siku tatu baada ya Astérie kuandika, benchi lilikuwa limejaa, chai iko tele, stori ikafika kwenye ile habari ya ghalani. Kila mtu anabahatisha ni nani. Na mimi, kwa utamu wa kuwa ninayejua, nikasema:

"Ninyi hangaikeni. Mwenyewe namjua, na hapo mlipokaa ndipo alipokaa akaandika."

Sikutaja jina. Nilijisifu hivyo moyoni, kwamba sikutaja jina. Lakini wanawake wa dagaa wanaokuja kukaa kwangu ni wangapi? Mmoja.

Siku mbili zikapita. Wateja walikuja wakafanya fotokopi, wakalipa, wakaondoka. Hakuna aliyeketi.

Siku ya tatu, saa sita mchana, Astérie akaingia. Amevaa vizuri, kilemba kipya. Nikainuka kumkumbatia. Akaweka mkono mbele.

"Sikuja kwa hayo."

"Mama Kaneza, nisamehe."

"Futa."

"Nifute?"

"Nilichoandika. Futa mpaka kwenye hiyo historia yenu. Mwenyewe nikifuta kinabaki nyuma, Bariki kaniambia. Mlinzi ndiye anayeweza kukimaliza."

Nikamvutia kiti. Akabaki wima.

"Calixte anasemaje?"

"Calixte hasemi. Amekaa siku mbili hali, hasemi. Jana usiku akasema moja tu. Amekwenda Kalinzi kumtengenezea mtu pikipiki, atarudi saa kumi. Akirudi akikuta maneno yale bado yanasomwa na watu, niwe nimeshaenda kwa mama yangu Kasulu. Na Kaneza nimwache."

"Anakufukuza kwa kosa la mtu mwingine!"

"Usimseme mume wangu." Alisema taratibu. "Wewe usimseme. Analala ameshika lile shati alilovaa siku ile anafua. Hajui afanye nini na mikono yake. Futa, Mama Martini, nirudi nikapike."

Nikafungua kompyuta. Nywila nikaikosea mara mbili. Nikaingia kwenye ukurasa, nikashuka hadi kwenye maneno yake.

Chini yake kulikuwa na maneno mengine.

Hayakuwepo juzi. Nikasogeza uso.

"Nini?" akauliza Astérie.

"Kuna watu wameandika."

"Wananitukana?"

"Oya, hapana. Sikiliza." Nikamsomea.

"Na mimi, kama mama aliyeandika hapo juu. Ghala lile lile. Mwaka juzi."

"Na mimi. Nilidhani ni mimi peke yangu."

"Mama uliyetangulia, Mungu akupe nguvu. Mimi niliacha kazi ya dagaa, sikumwambia mtu mpaka leo."

Watatu. Hakuna jina hata moja, namba tu, kila moja ya mahali pake.

Astérie akaja nyuma ya kaunta. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile akanisogelea. Akajisomea mwenyewe, midomo inasogea. Aliporudi kwenye lile la pili akasoma tena. *Nilidhani ni mimi peke yangu.*

"Mana yanje, Mungu wangu," akanong'ona.

Machozi yakamshuka, akayaacha.

"Nikifuta langu, haya yatakuwaje?"

"Yatabaki. Ila wanasema kama aliyeandika hapo juu. Na hapo juu patakuwa hapana kitu. Hakuna atakayejua wanasema nini."

"Na nisipofuta, saa kumi sina mtoto."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro.

"Mama Kaneza, nenda kwa Mwalimu Erasto, azungumze na Calixte. Yeye anamheshimu. Au nije mimi..."

"Wewe?" Akacheka, kicheko kikavu kisicho na hewa. "Wewe uje useme nini, na mtaa mzima nyuma yako?"

Safari hii sikuongeza sauti.

Akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akaweka kilemba sawa. Mlangoni akasimama bila kugeuka.

"Nilikuja nikijua ninachotaka. Sasa sijui. Wewe ndiye uliyefungua, Leonia. Amua wewe. Saa kumi nitajua ulichoamua."

Hajawahi kuniita Leonia. Miaka kumi na moja, ni Mama Martini. Akaenda zake.

Nikabaki na ukurasa mbele yangu. Kitufe cha kufuta kiko pale, chekundu, hakina uzito. Nikifuta, nampa rafiki yangu nyumba yake, na nawafungia mdomo wanawake watatu ambao hata sura zao sizijui. Nikiacha, Kaneza atalala bila mama leo.

Nikamfikiria Astérie. Nikasema hapana, wa kwangu kwanza, wageni wanisamehe. Nikapeleka kidole kwenye kitufe.

Ukurasa ukajisogeza wenyewe. Mstari mpya ukaingia, pale pale nikiutazama.

"Na mimi. Mwezi wa tatu. Nyumbani wananisifu kwa dagaa ninaoleta, na mimi siwezi kusema niliwapataje."

Pembeni yake, ile namba. Ndefu, yenye nukta katikati. Naijua sasa kuliko ya simu yangu.

Laini ya duka langu.

Nikainua macho. Nje kwenye ngazi hapakuwa na mtu. Benchi langu refu lilikuwa tupu mwanzo hadi mwisho, isipokuwa pale kwenye kona, karibu na birika la chai, ambapo mkamwana wangu ameketi ameinamia simu.

Mwezi wa tatu dagaa waliadimika Kibirizi nzima. Wanawake walirudi na ndoo tupu. Agnesi wangu, niliyekuwa nikimtuma huko kununua wa kuuza, alikuwa akirudi na gunia. Nilimwita jirani baada ya jirani aje aone. Nikasema mkamwana wangu ana mkono wa bahati. Akisema leo amechoka, haendi, mimi ndiye niliyekuwa nikimwamsha. Mimi ndiye niliyemwelekeza kwa tajiri yule, kwamba yule hakosi mzigo.

Siku tatu tu zilizopita nilimfunua mwanamke mmoja kwa kuuliza nani kaandika.

Kidole bado kiko kwenye kitufe.

"Agnesi," nikaita.

Akashtuka. Akaigeuza simu kifudifudi mapajani, akaifunika kwa viganja vyote viwili.

"Abee, mama."